Ubongo haupumziki hata ukitulia

Umeuliza mtu akilala tu ndani ya mashine ya MRI, inayopiga picha za ndani ya mwili, bila kufanya chochote, watafiti wanapata nini. Wanapata mengi! Mwaka 1995 Bharat Biswal na wenzake walionyesha kuwa sehemu za ubongo zinazoendesha mkono wa kulia na wa kushoto huwa na shughuli inayopanda na kushuka pamoja hata mikono ikiwa imetulia. (Mashine hufuata oksijeni kwenye damu, haipimi neva zenyewe.) Kinachonigusa zaidi ni upande wa maradhi: mwaka 2009 William Seeley na wenzake waliona magonjwa matano yanayodhoofisha ubongo, ukiwemo wa Alzheimer, kila moja likishambulia mtandao wake, yaani kundi la sehemu za ubongo zinazopanda na kushuka pamoja. Ndiyo maana mgonjwa mmoja hupoteza kumbukumbu, mwingine maneno, mwingine tabia aliyojulikana nayo.