Dagaa na migebuka wa Kigoma wameenda wapi? Jibu langu kwa mleta mada

Wakuu, mleta mada ameuliza kwa nini dagaa na migebuka wa Ziwa Tanganyika wamekuwa adimu na ghali hivi, na kama kufunga ziwa, yaani kusimamisha uvuvi kwa miezi kadhaa, kunasaidia au ni kuwatesa wavuvi tu. Pia amegusia kwamba anafikiria kununua chombo cha kuvulia. Waliotangulia wengi wametaja nyavu haramu, wengine wamelaumu serikali. Mimi ni mtu wa Ujiji, ujana wangu nimeumalizia kwenye dagaa majini na sasa nanunua na kusafirisha, kwa hiyo naomba niseme ninavyoliona.

Kwanza hali ilivyo. Zamani mkitoka jioni wakati wa giza la mwezi, mkawasha karabai, haikuchukua muda dagaa walipanda na maji yakaanza kuchemka chini ya taa. Siku hizi taa ni za sola, mwanga mkali kuliko karabai, na bado vijana wanakesha wakihama sehemu moja hadi nyingine na kurudi na mabeseni machache. Halafu angalia kilichomo ndani ya beseni. Unakuta dagaa wa kawaida wamechanganyika na vitoto vyembamba, vyeupe, unaona mpaka uti wa mgongo kwa nje. Ukianika hivyo, jioni unazoa chenga. Havina bei na havijazaa hata mara moja.

Sasa sababu. Hapa ndipo sikubaliani na wanaosema ni kokoro tu, ule wavu haramu wa kukokota.

Ziwa letu lina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, lakini samaki wanaishi kwenye tabaka la juu peke yake. Huku kaskazini ukishuka zaidi ya mita 100 hivi, oksijeni imekwisha. Kusini inafika kama mita 200. Chochote kinachokufa kinazama, na rutuba yake inabaki huko gizani, kama nyama zilizotuama chini ya sufuria ambayo haikorogwi. Mkorogaji wa ziwa hili ni upepo. Kusi ikivuma kuanzia Mei hadi Septemba, inayasukuma maji ya juu kuja kaskazini, na yale ya chini yanapanda, hasa kusini, pande za Kasanga na Zambia. Rutuba ikifika kwenye mwanga mwani unaota, vidudu vinakula mwani, dagaa wanakula vidudu, mgebuka anakula dagaa.

Maji ya juu yakipata joto yanakuwa mepesi na hayachanganyiki tena kirahisi na ya baridi yaliyo chini. Ziwa Tanganyika limekuwa likipata joto kwa zaidi ya miaka 100. Mwaka 2003 watafiti walichapisha kwenye jarida la Nature makadirio kwamba uzalishaji wa mwani huenda umeshuka kwa asilimia 20 hivi, na kwamba hilo linaweza kupunguza samaki kwa kama asilimia 30. Mwaka 2016 wengine walichunguza matope ya chini ya ziwa, wakahesabu mabaki ya samaki tabaka kwa tabaka, wakakuta samaki walianza kupungua kabla uvuvi wa kibiashara haujashika kasi katikati ya karne ya 20. Yaani kabla ya karabai, kabla ya injini, kabla ya kokoro za nailoni.

Lakini mtu asichukue hilo akasema basi wavuvi hatuhusiki. Mimi nalisoma kinyume. Ikiwa ziwa linazalisha chakula kidogo kuliko enzi za babu zetu, basi hata kiasi kile kile walichovua wao, leo ni kingi mno. Na sisi hatuvui kile kile. Vyombo vimeongezeka, taa zimeongezeka, walaji wameongezeka kuanzia Uvira na Bujumbura mpaka Kalemie na Mpulungu. Tunakula kutoka kwenye ghala linalopungua na tumeongeza midomo.

Mfano upo hapo jirani. Kuanzia miaka ya 1950, meli za nyavu za kuzungusha zilifanya kazi upande wa Burundi. Walivua dagaa pamoja na wale samaki wakubwa wa ukoo wa sangara waliokuwa wakiwala. Wakubwa wale wakawa adimu kaskazini, akabaki mgebuka, ambaye wenzetu wanamwita mukeke, na kufikia miaka ya 1990 uvuvi wa meli ulikuwa hoi. Wavuvi wa kawaida tulifurahi tukidhani tumeachiwa ziwa. Tukajaza nafasi yao sisi wenyewe.

Kokoro ni baya kwa sababu linakokota ufukweni, wanakokulia watoto wa dagaa na wanakotaga samaki wengine kama kuhe. Hapo sina utetezi, lipigwe marufuku na marufuku isimamiwe usiku na mchana. Udongo unaoshuka na mito kutoka kwenye milima tuliyoikata miti unaharibu ufukwe huo huo. Ila hata ukiyamaliza yote mawili, upepo na joto vipo pale pale.

Kuhusu kufunga: Tanzania ilifunga ziwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024. Naunga mkono, na najua nitatukanwa. Dagaa anaishi muda mfupi, mwaka mmoja na ushee, kwa hiyo ukimpa miezi mitatu umempa sehemu kubwa ya maisha yake azae na akue. Mwaloni kwetu, pale samaki wanaposhushwa, tulipofungua, siku za mwanzo dagaa walikuwa wakubwa na wasafi, chenga hazikuwepo. Kisha vyombo vyote viliingia kwa pamoja, na baada ya muda tukarudi tulikokuwa. Kufunga bila kupunguza vyombo na taa baada ya kufungua ni kuahirisha.

Na kuna watu wanaoumia kimya. Mwenye chombo ana akiba, ana duka, ana shamba la michikichi. Kijana anayelipwa kwa mgao wa usiku, na mama anayeanika kwa malipo ya siku, hawa ndio miezi mitatu inawakata. Tangazo la kufunga lije mapema, na mikopo iwafikie wao kabla ya wenye vyombo.

Sasa mkuu uliyeleta mada: hela yako usiiweke kwenye chombo. Vyombo vimezidi tayari. Weka kwenye vichanja. Dagaa wengi bado wanaanikwa mchangani; mvua ikinyesha ghafla mzigo unaoza, na hata ukikauka una mchanga, mnunuzi wa Dar anautafuna kidogo anautema na bei inashuka palepale. Dagaa wa kichanja anakauka pande zote, anang'aa, anakaa muda mrefu. Anza na mbao na wavu wa kuanikia, nunua kwa wanaovua dagaa waliokomaa tu, na vitoto uvikatae hata ukiuziwa kwa bei ya bure.