Nitupe TV ama nitupe mashine ya kurekodi?

SWALI: Fundi habari ya kazi, nakuandikia kutoka Umoja. Tulinunua TV ya inchi 43 pale Luthuli, imeandikwa Full HD na picha yake ni safi kabisa. Shida ni mashine yetu ya kurekodi DVD, nikimrekodia mzee mechi akiwa shifti ya usiku, asubuhi akiweka anakuta ukungu mtupu, wachezaji wamekonda kama fito na namba za jezi hazisomeki. Fundi wa hapa mtaani anasema hivi vitu viwili havipatani, nitupe kimoja. Nitupe gani? Na hizi 720p, 1080i, 1080p ni nini haswa?

JIBU: Dada yangu, usitupe chochote! TV haina makosa hata kidogo, kwa sababu mechi ikirekodiwa haipitii kwa TV, inatoka dekoda inaingia mashine. Angalia nyuma ya dekoda, nadhani utakuta ule waya wa vichwa vitatu, njano, nyekundu na nyeupe. Hio njano ndio inabeba picha, na haiwezi kubeba zaidi ya mistari 576 (ile mistari ya kulala inayochora picha), hata dekoda iwe ya HD namna gani. Na usihangaike kununua waya wa HDMI, kwa mashine kama hizo HDMI huwa ya kutoa picha tu, halafu DVD yenyewe haishiki zaidi ya hio 576.

Sasa zile namba: 720p ni mistari 720, 1080 ni mistari 1080. Hio "i" inamaanisha mistari inakuja nusu nusu, kwanza ya witiri halafu ya shufwa, "p" inakuja yote pamoja. TV yako inapokea zote bila shida.

Wachezaji kukonda ni mambo ya setingi, picha pana imebanwa kwa umbo la TV za zamani. Bonyeza ile batani ya ukubwa wa picha kwa rimoti ya TV, weka 16:9, watanenepa palepale.

Ukitaka rekodi ya HD, tafuta dekoda ya DVB-T2, ile ya kutumia antena, yenye USB na batani ya kurekodi. Inahifadhi vile inavyopokea, kwa hivyo chaneli ikirusha HD utapata HD, ikirusha picha ya kawaida hakuna muujiza. Chaneli ya megabiti 8 kwa sekunde inakula kama GB 3.6 kwa saa, chukua flashi ya GB 32. Ikiwa imefomatiwa FAT32, ule mpangilio wa kuhifadhi faili usiokubali faili kubwa, mechi itakatwa vipande vya GB 4, usishtuke. Dekoda za kulipia mara nyingi zinafunga rekodi, haichezi kwa dekoda ingine.

Ile mashine iweke vizuri. Kama mko na kanda za VHS za harusi ama za watoto wakiwa wadogo, hamishia kwa DVD mapema kabla ukungu haujazila, picha ya VHS si kali hata kama ile ya DVD kwa hivyo hapo mashine yako inatosha kabisa.