Jumla ya 115 hadi 185 haikuongezei nafasi

Mkuu, umeuliza kama kwenye bahati nasibu ukichagua namba sita kati ya 49 zenye jumla ya 115 hadi 185 unaongeza nafasi ya kushinda, kwa kuwa takribani asilimia 70 ya matokeo huangukia humo. Asilimia hiyo ni ya kweli, ila haikusaidii. Matokeo mengi huangukia humo kwa sababu michanganyiko mingi imo humo. Jumla ya 21 ina mchanganyiko mmoja tu: 1, 2, 3, 4, 5, 6. Jumla ya 150 ina zaidi ya laki moja na nusu, na tiketi yako inabeba mmoja tu. Kila mchanganyiko una nafasi ileile, moja kati ya 13,983,816.

Unachoweza kupunguza ni watu wa kugawana nao. Januari 14, 1995 huko Uingereza zilitoka 7, 17, 23, 32, 38 na 42. Jumlisha uone: 159, ndani kabisa ya wigo wako. Washindi walikuwa 133! Pauni milioni 16 na ushee zikagawanywa, kila mmoja akaambulia kama 122,500. Wengi pia hucheza tarehe za kuzaliwa, kwa hiyo ukicheza, weka namba kadhaa zinazozidi 31.