Kopo la sarafu za babu: tuuze zote kwa mkupuo?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Marehemu babu yetu, aliyekuwa karani wa reli hapa Tanga, ametuachia kopo la sarafu. Zimo rupia za Mjerumani zenye sura ya mfalme aliyevaa kofia ya chuma, shilingi za simba, reale moja kubwa ya 1780, senti nyingi za tundu, mbili za rangi ya dhahabu za 1916, na kijisarafu cha shaba chenye Kiarabu ambacho babu alikiokota Kilwa. Mnunuzi wa sarafu wa hapa mjini ametaja bei moja kwa kopo zima na anataka jibu wiki hii. Sonara naye anataka kuzipima kwa gramu. Kaka yangu anasema tuzisugue kwa ndimu na majivu, kisha tuzipeleke Mombasa. Tushike lipi?

JIBU: Marahaba. Naanza na ndimu, maana hasara yake haifutiki. Msizisugue. Mnunuzi anayejua kazi hutazama sarafu kwa lenzi, na mikwaruzo ya majivu humwonyesha papo hapo kwamba uso wa asili umeondoka. Ule weusi wa rupia haumsumbui. Mng'aro wa jikoni ndio unaomfanya apunguze bei. Kama kuna tope, lowesheni kwenye maji safi, kisha zikausheni kwa kitambaa laini kwa kugandamiza tu. Halafu zitoeni kopo, kila moja iingie bahasha yake ya karatasi, kwa sababu unyevu wa pwani na sarafu zinazosuguana huharibu hata zikiwa zimelala.

Sasa bei. Nami hununua sarafu, kwa hiyo haya yanatoka upande wa pili wa meza. Mtu akitaja bei moja kwa kopo zima, mara nyingi ameshaona vipande viwili vitatu anavyovitaka, na hesabu yake imesimama juu ya hivyo. Vingine vyote ni nyongeza. Si lazima awe mwizi. Kuchukua senti za tundu ambazo hazina mteja nako ni kazi. Ila ninyi hamjui ni vipande vipi, na hapo ndipo pesa yenu inapopotelea. Mwambieni atenge vile anavyovitaka na avitajie bei kimoja kimoja, kisha fungu la vilivyobaki liwe na bei yake. Akikataa kabisa, mmeshajua jambo. Na hiyo “wiki hii” isiwatie presha: chuma cha zaidi ya miaka mia hakiozi Ijumaa.

Kabla ya kurudi kwake, pateni mzani wa sonara unaosoma sehemu za gramu. Rupia ya Mjerumani ina gramu 11.66, na karibu asilimia 92 ni madini ya fedha, yaani kama gramu 10.7 za fedha halisi. Reale, ile yenye sura ya malkia Maria Theresa, ina gramu 28.07, na fedha ndani yake ni gramu 23.4 hivi. Shilingi ya simba ya 1921 hadi 1946 ina gramu 7.78, lakini robo tu ndiyo fedha, chini kidogo ya gramu 2. Za 1948 na kuendelea hazina fedha kabisa. Zidisheni kwa bei ya fedha ya siku hiyo, na hapo mnapata sakafu: chini yake msiuze rupia wala reale. Sonara ataishia kwenye sakafu hiyo, tena pungufu, kwa sababu anayeyusha. Hajali mwaka wala hali ya sarafu.

Juu ya sakafu, kinachohesabika ni aina, mwaka na uchakavu. Geuzeni rupia: yenye simba na mnazi ni ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, 1890 hadi 1902, yenye shada la majani ni ya serikali, kuanzia 1904. Tazameni pia herufi ndogo ya kiwanda kilichoigonga, A ya Berlin au J ya Hamburg, kwani mwaka uleule unaweza kuwa wa kawaida kwa herufi moja na wa shida kwa nyingine. Mkikuta rupia 2 za 1893 au 1894 (gramu 23.3), wekeni kando. Vivyo hivyo senti za Unguja za 1908 zenye mnazi.

Zile mbili za njano ndizo ningeziangalia kwanza. Mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamezingirwa, waligonga sarafu Tabora, katika karakana ya reli. Zenye taji na herufi D.O.A. (Afrika Mashariki ya Kijerumani) ni heller, yaani senti za Mjerumani, 5 na 20, za shaba ya njano au nyekundu, nazo zipo nyingi. Yenye tembo na mlima nyuma yake ni rupia 15, dhahabu ya mgodi wa Sekenke ya asilimia 75, gramu 7.17, ziligongwa 16,198 tu. Ikiwa ni hiyo, acheni mazungumzo ya kopo, maana peke yake huenda ikashinda zote. Lakini nakala za bandia ni nyingi, na nyingine zilitengenezwa kwa ajili ya vidani, basi ikaguliwe na mtu asiyetaka kuinunua.

Senti za tundu za 1936 zenye jina la Edward VIII zina uvumi kwamba ni utajiri. Ziligongwa kwa mamilioni.

Msitegemee kulipwa bei ya katalogi, yaani kitabu cha bei za sarafu. Hiyo ni bei ya mteja wa mwisho, na mnunuzi anaweza kukaa na sarafu mwaka mzima kabla hajampata. Kwa rupia ya kawaida, mtu akinipa nusu ya bei hiyo sioni kama kaniibia. Kwa kipande adimu, nusu ni ndogo mno.

Kijisarafu cha Kilwa msiuze. Kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, kitu kilichotengenezwa kabla ya 1863 ni cha kulindwa. Kipelekeni Idara ya Mambo ya Kale. Hata reale iulizieni huko kabla ya safari ya Mombasa. Ziliendelea kugongwa hadi karne ya 20 kwa tarehe ileile ya 1780, ila ofisa wa mpakani Horohoro atasoma tarehe, hatasikiliza historia.

Na warithi wote waweke sahihi kwanza kwenye karatasi ya kukubali kuuza. Mimi binafsi sinunui urithi bila karatasi hiyo, na mnunuzi asiyeiuliza simwamini.