Maji ya kinu jangwani yanapotelea wapi?

Swali: Mhandisi, tunaendesha migodi miwili midogo ya dhahabu na kinu kimoja katikati ya jangwa. Kinu kinasaga tani 200 za mawe kwa siku. Kisima chetu ni cha maji ya chumvi na hakitutoshi tena. Chokaa nayo tunamaliza nyingi mno. Tuchimbe kisima cha pili?

Jibu: Msichimbe bado. Pimeni kwanza maji mnayoyatupa pamoja na tope.

Tope linalotoka kwenye matangi ya sayanaidi, dawa inayoyeyusha dhahabu, huwa na mawe asilimia 45 hivi kwa uzito. Kwa tani zenu 200, hizo ni tani 244 za maji zinazokwenda kwenye bwawa la topesumu kila siku. Tope likipita kwanza kwenye tangi la kutuamisha, likatiwa dawa ya kugandisha hadi kufika asilimia 60, linaondoka na tani 133 tu. Mashine ya kukamua ikilifikisha asilimia 85, zinabaki 35. Mimi ningeanza na tangi. Kukamua kunataka umeme mwingi, na tope lenye mfinyanzi huziba vitambaa vyake vya kuchujia, kwa hiyo pelekeni sampuli ikajaribiwe kabla ya kununua chochote.

Msitegemee kuyavuta maji hayo baadaye kutoka bwawani. Jangwani jua linaweza kunywa kina cha mita 2 au zaidi kwa mwaka; kwa hekta moja tu ya maji yaliyo wazi, ni zaidi ya tani 50 kila siku.

Sasa chokaa. Maji ya chumvi mara nyingi yana magnesi, na magnesi hula chokaa: pH, kipimo cha uasidi ambacho chokaa hukipandisha, hukwama karibu na 9.5 mpaka magnesi hiyo igande na kutuama. Tafadhali, msipunguze chokaa ili kubana gharama. Sayanaidi inahitaji pH ya 10.5 hivi. Ikishuka hadi 9.2, karibu nusu yake hugeuka kuwa hidrojeni sayanaidi, gesi inayoua watu, tena ni dawa mliyoinunua inayopotelea hewani. Hapo sina mjadala na mtu.

Habari njema ni kwamba maji ya tangi la kutuamisha yamekwisha kuacha sehemu kubwa ya magnesi, na bado yana chokaa, sayanaidi na hata chembe ya dhahabu iliyoyeyuka. Yakirudi kinuni, chokaa mpya itapungua. Ila kalsiamu ya chokaa itajijenga kwenye kaboni inayonasa dhahabu, kwa hiyo kaboni ioshwe kwa asidi mara kwa mara, baada ya kusuuzwa vizuri ili asidi isikutane na sayanaidi.

Mgodi wa Escondida, katika jangwa la Atacama nchini Chile, husukuma maji ya bahari yaliyotolewa chumvi hadi kimo cha zaidi ya mita 3,000. Kinu cha tani 200 hakibebi gharama hiyo. Baada ya tangi kufanya kazi, mkiona bado mnapungukiwa, chimbeni, lakini magnesi ya kisima kipya ipimwe kabla hamjanunua bomba.