Kuhesabu irabu na konsonanti: anza na kalamu

Kijana yeyote anayenijia hapa Tabora akitaka kujifunza Python, lugha ya kuandikia programu, kazi ya mwanzo ninayompa ni hii: andika programu inayosoma sentensi na kusema ina irabu ngapi na konsonanti ngapi. Naipenda sana, maana jibu lake unalihakiki mwenyewe, bila mwalimu wala bando.

Usikimbilie kompyuta. Chukua karatasi, andika sentensi fupi, tuseme "Kigoma, mwisho wa reli!", kisha uhesabu kwa kidole. Irabu 8, konsonanti 10. Kuna pia nafasi 3 kati ya maneno, mkato mmoja na alama ya mshangao. Jumla 23. Programu ikileta hesabu nyingine, utajua papo hapo kuna kasoro.

Na kasoro ninayoikuta mara nyingi ni hii: kama ni a, e, i, o au u, ongeza irabu, kama sivyo, ongeza konsonanti. Ukiisoma haraka unaona iko sawa. Iendeshe kwa sentensi yetu, itakupa konsonanti 15! Zile 5 za ziada ni nafasi na alama, kwa sababu hukuiambia kompyuta kwamba mkato si herufi. Weka swali la pili katikati, isalpha, linalouliza kama hiyo ni herufi kweli:

maandishi = "Kigoma, mwisho wa reli!"
irabu = 0
konsonanti = 0
alama = 0
for herufi in maandishi.lower():
    if herufi in "aeiou":
        irabu += 1
    elif herufi.isalpha():
        konsonanti += 1
    else:
        alama += 1
print(irabu, konsonanti, alama)

Itaandika 8 10 5. Anayetumia simu aangalie alama za nukuu: kibodi nyingine huzipinda, na Python haizikubali zikiwa hivyo.

Hiyo lower, inayogeuza herufi kubwa kuwa ndogo, usiiache. Kwa kompyuta, U kubwa ni namba 85 na u ndogo ni 117, hazina undugu. Bila lower, "Ujiji" itahesabiwa irabu 2 na konsonanti 3, wakati ukweli ni kinyume chake.

Ikishakubali, ijaribu kwa Kiswahili chenyewe. Andika "Ng'ambo", ule mtaa wetu. Utapata irabu 2, konsonanti 4 na alama 1. Lakini sisi tukilitamka, ng' ni sauti moja, kama sh ya "mwisho". Programu hii inahesabu herufi, haihesabu sauti. Ukitaka sauti, itabidi kwanza uitafute ng' nzima, kisha ch, sh, ny na wenzake, ndipo uje kwenye herufi mojamoja. Hiyo ndiyo kazi ya pili ninayowapa, na hiyo nayo huanza kwa karatasi.