Jibu: maneno ya -ing katikati ya koma mbili, ni jina au kitenzi?

Mkuu, umeuliza kwenye sentensi "My hobby, swimming in the sea, keeps me fit" maneno ya katikati yana kazi gani. Ni jina. Yanaitaja hobi upya, kama tunavyosema "mji wangu, Tanga". Hiyo -ing isikutishe, hapo ni jerandi, yaani kitenzi chenye -ing kinachofanya kazi ya jina.

Nimefundisha tuisheni ya Kiingereza miaka mingi, na hili nilikuja kulielewa vizuri kupitia daftari la binti wa kidato cha tatu. Aliandika: "My mother, frying mandazi, paid my school fees." Nikamwomba aniambie kwa Kiswahili alichokusudia. Akasema, "Mwalimu, kazi ya mama, kukaanga maandazi, ndiyo iliyonilipia ada." Basi neno kazi umelisahau, nikamwambia. Akarekebisha: "My mother's work, frying mandazi, paid my school fees." "Frying mandazi" haikuguswa hata herufi moja, lakini kwanza ilikuwa "mama, akikaanga maandazi", sasa ikawa "kazi, kukaanga maandazi". Kulipa ada kukawa kwa ile kazi ya kila alfajiri, na ndicho alichotaka kusema mtoto wa watu.

Tangu hapo kipimo changu ni Kiswahili chetu: nayatafsiri hayo maneno ya -ing. Yakikubali ku-, ni jerandi na yanaweza kukaa badala ya jina lililotangulia. Yakidai -ki-, yanaeleza tu mtu alikuwa akifanya nini. Wengine watakwambia ujaribu kuweka "is" kati ya jina na maneno hayo. Kipimo hicho peke yake sikiamini, maana "My mother is frying mandazi" nayo ni sentensi safi, ila mama si kukaanga!

Koma ziwe mbili, kabla na baada. Wengi huweka ya kwanza wakaisahau ya pili. Kitenzi kikuu nacho kikubaliane na jina la mwanzo kwa umoja au wingi: "Her duties, fetching water and cooking, take the whole morning." Ni "take", kwa sababu ya "duties". Maneno hayo yakija mwishoni, nukta mbili zinapendeza: "She had one dream: opening a shop."

Ila kukiwa na "of", kama "the habit of coming late", usiweke koma. Hapo -ing imeshikwa na "of", na muundo ni mwingine.